Msaada Unakoma Lini? Somo la Jaiha kwa Tunaopita Sonatubes



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.). Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunapita Sonatubes kila siku. Huyu anatoka Kicukiro anaelekea mjini kupitia Rwandex, yule anatafuta moto ya kumfikisha Remera kabla kipindi hakijaanza. Jina lenyewe ni la kiwanda cha mabomba, na kwa mwanafunzi mgeni pale ni makutano ya barabara tu, mahali pa kubadilisha basi.

Tarehe 11 Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 walifika kwenye makutano hayo kwa miguu. Walikuwa wametoka ETO Kicukiro, shule ya ufundi ya mapadri wa Salesian, ambako walikimbilia kwa sababu palikuwa na askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Mchana wa siku hiyo askari wale walipanda magari wakaondoka, baada ya raia wa kigeni kuhamishwa. Waliobaki wakaamua kutembea kwenda Uwanja wa Amahoro, kwa kuwa huko nako kulikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Hawakufika. Pale Sonatubes walizuiwa, wakageuzwa, wakapandishwa kilima cha Nyanza, na jioni ile wakauawa kwa mabomu ya mkono, risasi na mapanga. Waliosalimika ni wachache, baadhi yao wakiwa wamelala chini ya maiti za ndugu zao.

Leo kwenye eneo la ETO kuna chuo cha ufundi, na wenzetu wanasoma humo. Wapo ambao wanaswali Dhuhuri mita chache kutoka mahali watu wale walipolala siku zao za mwisho. Kila Aprili tunatembea nao kupanda Nyanza, na hilo ni jema. Ninalotaka kulizungumza linaanza baada ya matembezi kwisha na viti kukusanywa: mtu aliyefikwa na janga anahitaji kusaidiwa mpaka lini? Siku tatu za taazia? Siku mia za maombolezo? Mpaka kamera ziondoke? Naliuliza kwa sababu lipo mezani kwa jumuiya yetu hivi sasa, na nitalifikia.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Kila balaa likitokea, hakosi mtu wa kusimama na kulieleza: hii ni adhabu, hawa walifanya hivi na vile. Mwenye kusema hivyo huwa amekaa pakavu. Mtume (s.a.w.) amewahesabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mama wa Rubavu kwamba mwanawe aliyefukiwa na ukuta ni dalili ya ghadhabu? Na kwa yaliyotendwa na mikono ya watu, kama yale ya Nyanza, hatari ni kubwa zaidi. Ukisema "ni qadari ya Mungu" ukanyamaza hapo, umemfutia deni aliyeshika panga. Qadari ni nguzo ya imani yetu, haijapata kuwa wakili wa muuaji. Georges Rutaganda, mmoja wa viongozi wa Interahamwe, alihukumiwa na Mahakama ya Arusha mwaka 1999, na mambo ya ETO na Nyanza yalikuwa ndani ya hukumu hiyo. Tusijisifu kupita kiasi pia. Ni kweli kwamba Waislamu wengi wa Nyamirambo na kwingineko waliwaficha jirani zao, na Allah awalipe. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, aliyehukumiwa Arusha vilevile, alikuwa na jina kama yetu. Ukihutubia kuhusu wale wa kwanza, mtaje na huyu.

Omar bin Khattab (r.a.) alipofika Sargh mwaka wa 18 Hijria akaambiwa kuna tauni Sham, aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Omar akamjibu kwamba anatoka kwenye qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia anayechagua kuwalisha bonde lenye majani badala ya bonde kavu. Mwenye kufahamu mfano huo hatabishana na serikali inapowahamisha watu kwenye mteremko unaomomonyoka. Naishia hapo kwenye hilo, kwani si swali langu leo.

Swali langu ni la baada, na hapa ndipo Sunna imetupa hazina ambayo sisi wanafunzi tunaipita haraka. Qabisa bin Mukhariq (r.a.) alijibebesha dhamana ya mali ili kupatanisha watu, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaambiwa asubiri sadaka ifike, atapewa. Kisha akafundishwa kwamba kuomba hakuruhusiwi ila kwa watu watatu: aliyejibebesha dhamana kama yeye, aliyepatwa na janga likafagia mali yake, na aliyeingiwa na ufakiri kiasi kwamba watu watatu wenye akili katika kaumu yake wanamshuhudia. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Mwalimu wetu anapoisomesha, darasa zima hukimbilia kwenye katazo la kuomba, na hakika katazo limo. Lakini tazama wale waliovuliwa, hasa huyo wa pili.

Janga lake linaitwa jaiha. Kwa Kiarabu neno hilo limebeba maana ya kung'oa jambo lote na mzizi wake. Ni mafuriko, ni baridi inayoua mazao, ni moto, ni nzige. Mtu huyu jana alikuwa na chake, leo hana. Sharia ikamruhusu kuomba, na ikamwekea mwisho. Mwisho wenyewe haukutajwa kwa siku wala kwa miezi. Ni mpaka apate qiwam ya maisha, yaani kile kinachomsimamisha. Mpokezi mwingine wa maneno hayo akasitasita kati ya neno hilo na sidad, yaani kile kinachoziba pengo. Nimelipenda sana sitasita hilo, kwani yote mawili ni kweli: kuna tundu la kuziba na kuna mtu wa kusimamishwa.

Ikiwa ruhusa ya mwenye kuomba inaendelea mpaka asimame, wajibu wa mwenye kuombwa hauwezi kukoma kabla ya hapo. Huko ni kufahamu kwangu, na atakayenipinga anipinge kwa dalili. Sioni vipi Sharia imwache mtu mlangoni akiwa na haki ya kubisha, kisha iwape wenye nyumba ruhusa ya kuzima taa.

Na kuna hadithi nyingine ya jaiha, kutoka kwa Jabir (r.a.), nayo iko kwa Imam Muslim pia: ukimuuzia ndugu yako matunda yangali mtini, kisha janga likayapiga, si halali kwako kuchukua bei yake. Imam Malik na Imam Ahmad wameliona hilo kuwa ni lazima, kila mmoja kwa masharti yake. Imam Shafi'i katika kauli yake ya baadaye ameona kusamehe ni jambo la kupendekezwa tu. Hata ukichukua kauli nyepesi zaidi, unaona mwelekeo: hasara ya janga haiachwi ilale yote kwenye bega moja. Mwenye nyumba anayedai kodi ya chumba kilichoanguka na mwenye duka anayeng'ang'ania deni la mbegu zilizosombwa wameguswa na somo hili.

Sasa tuangalie walivyofanya watu wenyewe, kwa sababu vitabu bila watu ni nusu ya elimu. Mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanafunzi 12 walionusurika walikutana katika Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare wakaanzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura. Wajane walikuwa wameanzisha AVEGA Agahozo mwaka uliotangulia. Wanafunzi wale walikuwa na umri wetu. Hakuna aliyekuwa na baba wa kumpigia simu ada inapochelewa, wala nyumba ya kwenda likizo inapofika. Wakafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni moja ya fikra kubwa zilizowahi kutoka kwenye bweni la chuo popote Afrika: wakajigawa katika familia. Katika kila familia wanafunzi wanamchagua mwenzao mmoja awe baba na mwingine awe mama, na waliobaki wanakuwa watoto na ndugu. Baba wa miaka 22! Lakini huyo baba ndiye anayeuliza mbona fulani hajaonekana darasani, mama ndiye anayekaa na mgonjwa, na siku ya mahafali wapo wa kupiga makofi na kupiga picha naye. Mmoja wao akioa, siku ya kwenda kuposa yupo mzee wa kusema kwa niaba yake, hata kama mzee mwenyewe bado analipa mkopo wa chuo.

(Kabla hamjaniandikia: huku si kubadilisha nasaba kulikokatazwa katika Sura ya al-Ahzab. Hakuna aliyeacha jina la baba yake. Ni kulea, na kulea kumesifiwa.)

Jambo hilo halikuisha kwa siku mia. Ada inahitajika kila muhula. Aliyeingia chuoni akiwa amenyamaza aliendelea kunyamaza mwaka wa kwanza na wa pili, pengine akaanza kusema wa tatu, Aprili inapokaribia na usingizi unapotoroka. Familia ilikuwepo mwaka huo wa tatu. Waliohitimu nao wakaanzisha chama chao, GAERG, mwaka 2003, kwa kuwa waligundua kwamba kupata shahada hakumwondoi mtu kwenye uyatima.

Nikisoma habari za Ja'far bin Abi Talib (r.a.) naona picha hiyohiyo. Aliuawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) kwanza aliagiza watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula kwa kuwa msiba umewashughulisha, na hapa sisi sote ni mabingwa: sufuria za pilau tunazijua. Zikapita siku tatu. Siku ambayo wengi wetu tunakunja majamvi ndiyo aliyokwenda yeye nyumbani kwao. Akaagiza waletwe watoto. Abdallah bin Ja'far, aliyekuwa mmoja wao, anasimulia kwamba waliletwa mbele yake mfano wa vifaranga. Akamwita kinyozi akawanyoa. Mama yao, Asma bint Umays (r.a.), alipotaja uyatima wao, alimuuliza kama anawahofia umaskini ilhali yeye ndiye mlezi wao duniani na Akhera. Kinyozi! Katika msiba wa jeshi zima, Mtume wa Allah anashughulikia nywele za watoto watatu. Nimekaa na hadithi hii muda mrefu, na kila mara ni huyo kinyozi anayenisimamisha.

Upande wa pili wa jambo hili ni heshima ya aliyefikwa. Muhajirina walifika Madina wakiwa wameacha kila kitu Makka. Sa'd bin Rabi'i (r.a.) akampa Abdurrahman bin Auf (r.a.) nafasi ya kugawana naye mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza na jibini kavu na samli. Hatusomi kwamba Sa'd alikasirika kukataliwa, wala kwamba alimpiga picha akipokea. Alimwonyesha soko. Basi qiwam ya yule ilikuwa soko, qiwam ya watoto wa Ja'far ilikuwa mlezi, na qiwam ya kijana wa Butare ilikuwa baba wa miaka 22. Huwezi kuijua ukiwa umebaki Kigali na orodha ya magodoro. Ni lazima uulize.

Nije kwenye letu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha kaskazini na magharibi ya nchi, mto Sebeya ukafurika Rubavu, milima ikateremka Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Zaidi ya watu 130 walifariki na maelfu ya nyumba zikabomoka. Wiki ile nchi nzima ilichanga: nguo, sabuni, unga, blanketi. Sisi tuliotoka milimani tunajua ni kitu gani mvua ile ilichukua zaidi ya nyumba. Ilichukua udongo. Nyumba ya matofali mabichi unaweza kuijenga kwa umuganda kadhaa, jirani akishika jembe na wewe ukishika maji. Shamba lililoteremka mtoni na migomba yake halirudi kwa Jumamosi moja. Mkulima huyo anakula msaada mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anakula alichokopa, na mwezi wa tano anauza mbuzi ili alipe alichokopa. Septemba shule zinafunguliwa na mtoto anabaki nyumbani. Hapo ndipo jaiha inapomaliza kazi yake, kimya kimya, na wachangaji wa Mei hawako tena.

Omar (r.a.) alilijua hili. Mwaka wa Majivu, ukame ulipoikumba Hijazi, watu wa jangwani walijazana Madina naye akawalisha. Akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisimulia Ramadhani. Isiyosimuliwa sana ni aliyofanya mvua iliporudi: aliwasafirisha watu wale kurejea makwao, akiwapa chakula cha njiani na wanyama wa kupanda. Na zaka ya mwaka ule hakuikusanya. Alingoja mpaka watu wapate nafuu ndipo akatuma wakusanyaji.

Katika kikao kilichopita cha jumuiya yetu tulizungumzia mfuko wa maafa, na ndugu tulio nao waligawanyika. Kundi moja lilisema kila kinachopatikana kitolewe chote wiki ileile. Dalili yao ni nzito: Mtume (s.a.w.) baada ya swala ya Alasiri aliwahi kuinuka kwa haraka mpaka watu wakashangaa, kwa sababu alikumbuka dhahabu iliyobaki nyumbani kwake akachukia imzuie, akaamuru igawanywe. Nani atataka fedha za masikini zilale kwake baada ya kuisoma hadithi hiyo? Mimi pia sitaki.

Lakini tuangalie kilichochukiwa: ni mali kukaa kwa mtoaji bila kugawanywa. Hakuna aliyesema mgao lazima ule siku moja. Pendekezo langu ni kwamba janga likitokea tugawe siku ileile kwa majina. Sehemu iende papo hapo kwenye chakula na malazi. Sehemu nyingine iandikwe kwa familia maalumu tulizokwenda kuziona, na iwekwe kwenye akaunti ya familia yenyewe katika Umurenge SACCO yao, ikiwa na makubaliano nao kwamba hii ni ya mbegu ya msimu ujao, au ya ada ya Septemba, au ya kulipa deni. Fedha zimetoka mikononi mwetu, zimekuwa zao, na bado zipo mwezi wa tano. Kwa upande wa zaka, wenye madeni wametajwa waziwazi katika aya ya 60 ya Sura ya at-Tawba. Kwa hiyo deni la mbegu zilizosombwa lina mlango wake.

Kuna sharti moja lisiloruka mtu. Fedha ambazo tayari zimechangwa kwa tangazo la kutolewa mara moja hatuwezi kuzibadilishia njia sasa, hata kwa nia njema. Sisi ni mawakili wa waliotoa, na wakala yuko chini ya neno la aliyemtuma. Kwa hiyo zilizopo zitolewe kama zilivyotangazwa, na tangazo lijalo liandikwe upya, liseme wazi kwamba tunachangia wiki ya kwanza na mwezi wa tano.

Na kwa kila familia tutakayoiandika, wanafunzi wawili wachukue jina lake, wapige simu kila mwezi, na waende angalau mara mbili kwa mwaka. Watakaohitimu warithishe jina hilo kwa wengine, kama walivyofanya wale wa Butare. Nauli ya basi mpaka Rubavu tunaimudu tukijumuika. Majina mawili tayari yapo mbele ya jedwali nililolibandika kwenye mlango wa chumba cha swala, na nafasi nyingine ziko wazi. Kikao cha kuamua ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya Alasiri. Mwenye dalili kinyume na haya aje nayo, tuisome pamoja.

Wabillahi tawfiq.